Mabati ya Mokaya

Ijumaa. Mvua imeanza saa nane mchana, ikapumzika kidogo, ikarudi na nguvu mpya. Ni saa moja jioni sasa na niko jikoni kwa Mama hapa Manga, miguu karibu na moto, simu imebaki na chaji ya kunitosha nikiacha maneno ya kupamba. Jua limeshazama, kwa hiyo Sabato imeingia, na kuandika huku ni kosa. Dogo. Nitaliweka juu ya yale mengine.

Leo ndiyo ilikuwa iwe siku yangu ya kwanza kulala kwenye nyumba yangu mwenyewe.

Silali huko.

Anayesoma shajara hii kwa mara ya kwanza na ajue kwamba nyumba yenyewe ni trela. Magurudumu mawili, futi nane kwa tano. Kwa miaka mingi ilibeba ndizi kutoka vilima hivi hadi soko la Daraja Mbili, mpaka mwenyewe akapata gari kubwa, nayo ikaachwa nyuma ya duka lake ikiotewa na magugu. Niliichukua mwezi wa nne. Tangu hapo nimekuwa nikiigeuza chumba cha kulala: kitanda, meza ya kukunja, meko ya gesi, taa ya sola, dirisha la gari lililokufa kwa ajali. Nilijifundisha kwa video za Wazungu wanaotengeneza vitu hivi ili wakatembee ziwani. Wao wana nyumba na wanatafuta namna ya kuzikimbia. Hesabu yangu mimi inaanzia upande mwingine.

Mimi ni fundi wa kushona viti vya magari. Nimepanga chumba kimoja Kiogoro miaka kumi na minne. Ninalala humo na kushona humo. Mwenye ploti anavunja ajenge ghorofa na mwisho wa mwezi huu tunatoka. Niliolewa Nyacheki zamani, nikarudi, na mwanamke aliyerudi huku kwetu ana pa kukaa lakini hana pa kujenga. Anapewa kona jikoni kwa mama yake na anashukuru. Baba Mdogo, ndugu wa marehemu baba yetu, alinieleza jambo hili bila hasira, kama mtu anayesoma matangazo kanisani: "Msichana hajengi kwao."

Msichana mwenyewe nina miaka hamsini na mmoja na goti bovu.

Nikamwambia sijengi, naegesha. Kitu kisicho na msingi hakiwezi kuitwa nyumba, ni gari. Akafikiria sana. Akazunguka trela akiangalia chini.

"Na hayo magurudumu yatakaa na upepo?"

"Yatakaa, Baba."

"Siku yakiisha upepo, hiyo ni nyumba."

Kwa hiyo kila Jumapili ninayajaza upepo kwa pampu ya baiskeli, na kila Jumatatu Baba Mdogo hupita na fimbo yake akayagonga. Tunaheshimiana.

Lakini aliyenipa ruhusa hasa ni Mama. Baba Mdogo alipoitisha kikao cha familia, Mama aliwaacha waseme wote, kisha akauliza swali moja: "Huyu ndiye aliyempa ndugu yake kitanda alipokuwa mgonjwa. Leo ninyi mnataka alale wapi?" Kikao kikaisha hapo. Watu wakaomba chai.

Sikumpa ndugu yangu kitanda.

Nimeandika sentensi hiyo na kuifuta mara tatu jioni hii. Sasa iko. Naiacha.

Mokaya ndiye aliyenitangulia kuzaliwa. Alikuwa dereva wa lori. Zaidi ya miaka ishirini alilala nyuma ya usukani, kwenye kile kitanda chembamba cha madereva, Mombasa, Busia, Malaba, kokote mzigo ulikompeleka. Hakuoa, hakujenga. Tukimtania alisema yeye ana nyumba yenye taa za mbele na za nyuma, sisi tuna nini? Kukaza nati alinifundisha yeye, kabla sijajua kushika sindano.

Alikuja Kiogoro Jumanne moja, miaka miwili iliyopita na miezi kadhaa. Alikuwa anakohoa. Alisimama mlangoni ameinama kwa sababu mlango ule ulijengewa watu wa kimo changu. Akasema, "Kemu, nipe hata sakafu siku mbili. Lori limeniua mgongo."

Mimi ni Kemunto. Ni yeye tu aliyeniita Kemu.

Nilikuwa na kazi ya viti vya basi dogo la shule, kumi na vinne, vimepangwa hadi juu ya kitanda changu. Nikamwambia angalia mwenyewe, pako wapi? Nilisema hivyo na pini zangu mdomoni, hata sikuzitoa. Chumba kizima kilijaa viti na hapakuwa na pa mtu kukaa.

Akacheka. Mokaya alikuwa mtu wa kucheka hata akifukuzwa. Akasema basi maliza kazi yako, nitapita Ijumaa. Nikafunga mlango haraka kwa sababu vumbi la barabara lilikuwa linaingia kwenye kitambaa.

Alhamisi asubuhi mlinzi wa pale malori yanapoegeshwa aligonga kioo cha lori lake. Akagonga tena.

Kitu nisichokijua hadi siku ya mazishi ni kwamba Jumanne ile, na Jumatano pia, alimpigia Mama simu. Alimwambia yuko kwangu. Alimwambia nimempikia ugali wa wimbi na chinsaga, nimempa kitanda, mimi nimelala chini. Mokaya hakudanganya nusunusu, aliweka hadi mboga.

Mama alisimama mbele ya watu wote akanishika mkono na kusema asante kwa kumlaza mwanangu. Watu wakaitikia amina. Nikainamisha kichwa. Waliokuwepo walidhani ni unyenyekevu.

Tangu hapo, kila juma Mama amenitumia mkungu wa ndizi kwa mtu wa boda boda, bila kukosa, kwa sababu ya kitanda kile. Nimekula ndizi za kitanda ambacho hakikuwepo kwa miaka miwili.

Ni tamu. Hilo pia lazima niliandike.

Sasa nifike kwenye mabati.

Kwetu mwanamume mzima hazikwi kama hana nyumba yake nyumbani. Akifa hana, anajengewa. Siku moja kabla ya mazishi binamu zetu walikuja na nyundo wakamsimamishia Mokaya nyumba hapo chini karibu na mikaratusi: nguzo, mabati kumi na mawili mapya, mlango mmoja. Dirisha walisahau. Akalala humo usiku mmoja ndani ya sanduku lake, sisi tukiimba nje. Asubuhi akatolewa, akazikwa ubavuni mwa nyumba hiyo, mlango ukafungwa kwa waya. Baada ya hapo nyumba ya namna hiyo haikaliwi na haibomolewi. Inaachwa isimame hadi ianguke yenyewe.

Nilijua yote hayo. Nasema mapema ili nisije nikajifanya mgeni.

Wiki tatu zilizopita Mama alifanyiwa operesheni ya mtoto wa jicho, kisha akakaa kwa dada yake mjini apone. Mimi wakati huo nilikuwa na fremu ya chuma tayari, plaiwudi tayari, godoro tayari, na sina paa. Kaka Onsongo, mkubwa wetu, ambaye shamba lake la majani chai liko hapo juu ya njia, alisimama na mimi tukiangalia ile nyumba ya Mokaya. Mabati bado yanang'aa kama yametoka dukani.

"Si yanaoza tu," akasema Onsongo. "Chukua ya paa, ya ukuta uache."

Akaleta nyundo yeye mwenyewe. Naliandika hilo kwa sababu leo mchana limemtoka kabisa kichwani.

Tukatoa mabati sita. Misumari ilitoka ikilia. Tulifanya kazi haraka, kama watu wanaovuna shamba la jirani.

Bati lililokwisha kupigiliwa lina matundu ya misumari yake ya kwanza. Niliyaziba moja moja kwa gundi nyeusi. Siku iliyofuata ilikuwa ya jua. Nikaingia ndani, nikafunga mlango, nikaangalia juu. Kulikuwa na vinukta vya mwanga, vimejipanga mistari mitatu, sawasawa na jinsi zilivyokaa fito za nyumba yake. Nikaziba tena. Siku ya pili vikawepo, vichache, mahali pengine. Mtu mwenye akili zake atasema gundi ilijivuta kwa joto. Mimi pia nilisema hivyo. Nilisema kwa sauti, na humo ndani nilikuwa peke yangu.

Halafu jina. Siku yaliponunuliwa, kijana wa dukani aliandika kwa kalamu nene ya bluu kwenye bati la juu ili mzigo usipotee: MOKAYA MANGA. Bati hilo nililigeuza, maandishi yakae ndani, nikapanga kuyafunika kwa plaiwudi. Plaiwudi ikaniishia pale pale. Nimepima kitu hiki miezi saba, nina daftari zima la vipimo, na kipande kilichopungua ni cha ukubwa wa jina la ndugu yangu. Nikayasugua kwa petroli. Yalififia. Yakikauka yanarudi kidogo. Ukilala kitandani yako moja kwa moja juu ya uso wako.

Na kitanda chenyewe.

Hili la kitanda sikuligundua mimi. Aliligundua Hamisi, fundi wa kuchomelea vyuma mjini aliyenitengenezea fremu. Alikuja Jumatano kurekebisha bawaba za mlango. Hamisi ni mtu wa maneno. Trela hii ameiita banda la kuku la kusafiri tangu siku ya kwanza. Akaingia, akakaa kitandani, akanyoosha miguu, na miguu haikufika mwisho.

"Dada Kemunto, wewe una urefu gani?"

"Futi tano na kidogo. Kwa nini?"

"Umejitengenezea kitanda cha futi sita na zaidi, ukabana meko kwenye kona kama mfungwa. Unangoja mgeni?"

Nikamwambia shika kazi yako. Akashika, lakini alipokuwa anakusanya vyombo vyake alisimama mbali kidogo akaiangalia trela: ndefu, nyembamba, mlango nyuma. "Usikasirike," akasema. "Iwekee pazia la maua hapo dirishani. Rangi rangi. Ukipita nayo barabarani hivi ilivyo, watu watavua kofia wakidhani ni msiba."

Alipoondoka nilipima mbao. Futi sita na inchi mbili. Katika daftari langu nimeandika futi tano na nusu, kwa mwandiko wangu. Mbao nilizikata mwenyewe, kwa msumeno wangu, kwa kukadiria na mkono.

Mokaya alikuwa futi sita na inchi mbili. Najua kwa sababu sanduku lilipimwa.

Basi leo.

Mama amerudi saa sita mchana, kwenye gari la mtoto wa dada yake, jicho moja limefunikwa na lingine jipya. Wiki tatu nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia. Nilitaka kwanza anywe uji, aketi, nimweleze polepole kabla hajaona. Miaka yote hii Mama ameiona dunia kupitia ukungu. Daktari angechelewa juma moja tu, leo asingeona kitu.

Aliteremka garini akashika fimbo, akainua kichwa kujaribu jicho lake. Akaangalia kilima. Akaangalia migomba. Akaangalia chini kwenye mikaratusi, na pale akabaki.

Nyumba ya Mokaya bila paa ni kuta nne zinazoangalia mbinguni. Hata mimi huwa naipita upande wa pili.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alitembea hadi kwenye trela yangu, taratibu, akainua mkono akapitisha kiganja kwenye makunjo ya bati la ubavuni, pale ambapo paa linashuka. Onsongo alikuwa amesimama na mkoba wa Mama mkononi akiangalia viatu vyake.

"Ni ya Mokaya," Mama akasema.

"Ni ya Mokaya, Mama."

"Nani alikupa?"

Nikamwangalia Onsongo. Onsongo akaangalia majani chai yake.

"Nilichukua."

"Umemuuliza?"

Nilidhani anamaanisha Baba Mdogo. Nikaanza kujieleza. Akanikata. "Mwenyewe. Mwenye nyumba. Ulimuuliza?"

Nitaandika hili kwa heshima. Mama yangu ni mwalimu wa somo la Sabato. Amewafundisha watu wazima wa kijiji hiki, kwa miaka na miaka, kwamba aliyekufa amelala, hasikii, hajui kitu, na anayezungumza na kaburi anazungumza na udongo. Nimekaa kwenye darasa hilo. Nimejibu maswali yake sawasawa mbele za watu.

"Mama, si yeye hasikii?"

"Wewe unasikia," akasema. "Nenda ukamuulize. Kabla jua halijazama. Sabato haitaingia hapa nyumba ya mwanangu ikiwa kichwa wazi. Akikubali, utalala. Asipokubali, utarudisha bati moja moja, na hiyo trela yako itatoka hapa."

Onsongo, mwenye nyundo, akaondoka kwenda kuangalia ng'ombe. Alikuwa na ng'ombe wa kuangalia muda mrefu sana.

Nilichoogopa hakikuwa kaburi. Mama alisema atakuja na mimi.

Mvua ilikuwa imepungua saa kumi na moja tulipoteremka. Nilimshika mkono kwa sababu njia huteleza. Kaburi la Mokaya lina msalaba wa mbao na maua ambayo Mama huyapalilia. Ukuta wa mabati uko pale pale, kama hatua mbili. Ndani maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye fito. Ile waya ya mlango bado imefungwa. Tulitoa paa na tukauacha mlango umefungwa. Kazi ya watu wenye akili.

Mama akasimama upande wa kichwa. Akaniambia anza.

Nikasema, "Mokaya. Ni mimi." Kwa lugha yetu, Ekegusii, inasikika zaidi kuliko ninavyoiandika hapa. "Nimechukua mabati yako ya paa. Sita. Sikukuuliza."

"Mwambie ya nini."

"Ya kujifunika. Kiogoro wananitoa. Nimejitengenezea pa kulala kwenye trela ya ndizi."

"Mkumbushe," Mama akasema. Sauti yake ilikuwa ya upole kabisa, na alikuwa anamwangalia yeye, si mimi. "Mkumbushe ulivyomlaza. Mwambie, mimi nilikupa kitanda changu nikalala chini, sasa wewe nipe paa lako. Hatakataa. Mokaya hakuwa mtu wa kusahau wema."

Hapo ndipo nilipokuwa nimefika jioni hii, wewe shajara unayejua kila kitu na husemi. Sentensi moja ya kurudia. Mama ameshanitafunia, kilichobaki ni kumeza. Nikiirudia nina paa, nina mahali, nina ndizi hadi mwisho wa maisha ya mama yangu. Nikikataa sina hata kona ya jiko hili ninalokalia.

Kwenye ukuta wa bati upepo ulipiga kidogo. Bati lilifanya sauti, tang, kama mtu anayegonga kioo. Likarudia.

"Hakulala kwangu," nikasema.

Mama akageuka kuniangalia.

"Alikuja. Aliomba sakafu. Nikamwambia hakuna nafasi, kuna viti vya watu. Nikafunga mlango. Yale aliyokuambia kwenye simu alikudanganya."

Mvua ilianza tena, ile nyembamba isiyo na sauti.

"Siku ya mazishi nilikushukuru," Mama akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Mbele ya mchungaji."

"Ndiyo."

"Alilala wapi?"

"Kwenye lori."

"Siku zote mbili?"

"Zote mbili."

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali yote, miaka miwili nimeyajibu mengi nikiwa natembea, nikiwa nashona. Hili halikuwemo.

"Alikula?"

Sijui kama alikula. Sikuwahi kujiuliza. Nilijua kuhusu kitanda, kuhusu mlango, kuhusu pini mdomoni. Chakula hakikunijia hata siku moja, na yeye alikuwa amekitaja kabisa kwa jina, ugali wa wimbi na chinsaga, kama mtu anayeagiza.

"Sijui, Mama."

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akasema neno moja, na sijui alimwambia nani kati yetu. "Alikusitiri."

Akageuka kupanda kilima. Hakunipa mkono. Nilitembea nyuma yake nikiwa tayari kumdaka, na hakuteleza hata mara moja.

Nilidhani anakwenda ndani. Alikwenda kwenye trela. Mama, ambaye mchana ule ule alitishia kuitoa hapa, alifungua mlango aliourekebisha Hamisi, akashika pembeni, akapanda. Nikamsikia akigusagusa vitu gizani. Nikawasha taa ya sola kutoka nje. Alikuwa amesimama chini ya jina. Jicho lake jipya lilikuwa linalisoma, herufi moja moja.

Halafu akainama akapima kitanda kwa mikono yake, shibiri kwa shibiri, tangu kichwani hadi miguuni. Mama alizaa tisa na kuwashonea wote; anajua urefu wa kila mmoja.

"Hiki ulimtengenezea nani?"

"Mimi."

"Wewe unafika wapi?"

Nikamwonyesha. Ilibaki nafasi kubwa. Tuliiangalia wote wawili.

"Basi leo atalala yeye," Mama akasema. "Wewe, kesho."

Akavua shali lake, lile zito la kijivu, akalitandika juu ya godoro, akalikunja upande mmoja kama unavyomkunjia mtu anayekuja amechoka. Akashuka. Akaenda jikoni. Jua lilikuwa limebakiza kidole kimoja juu ya kilima na yeye alipika kwa haraka ambayo sijaiona tangu nikiwa mtoto: wimbi, chinsaga, maziwa kidogo ndani yake. Akafunika sahani kwa sahani nyingine. Akanipa.

"Mama, wakiuliza kanisani?"

"Chakula ni changu na mtoto ni wangu. Wao waangalie Sabato yao."

Nikapeleka. Niliiweka juu ya meza ya kukunja, nikaweka na maji ya kunawa. Nilitaka kusema kitu. Miaka miwili nina maneno, na nilichosema ni, "Iko moto." Kisha nikarudi nyuma hadi mlangoni, kinyumenyume, kama mjinga, nikashuka.

Sasa Mama yuko chumbani kwake. Nilimsikia akiimba wimbo wa kufungua Sabato, sauti ya chini, beti zote. Hajaniambia kama amenisamehe. Hajasema kama nitakaa hapa mwaka au juma. Nilipomuuliza kama nimrudishie Mokaya paa Jumapili, alisema nisimsumbue, kuta zile nazo zina njia yake ya kuanguka. Ndizi hakuzitaja. Nadhani ndizi zimeisha, na ni haki.

Onsongo amerudi kutoka kwa ng'ombe. Ameuliza nani yuko kwenye trela, mbona taa inawaka. Nikamwambia nenda uangalie. Amesema amechoka.

Kutoka hapa nilipokaa naiona kupitia mlango wa jiko. Dirisha lina mwanga wa manjano. Mvua imekuwa kubwa sasa, inapiga yale mabati sita, na ninajua sauti ya kila tundu nililoliziba. Nimekuwa nikisikiliza kwa nusu saa. Halivuji hata moja. Huenda gundi imeshika. Fundi mwenye akili zake atasema hivyo.

Nimejiuliza asubuhi nitaikuta sahani ikiwaje. Ikiwa imejaa nitajua jambo moja. Ikiwa tupu, kuna paka wa Onsongo, na sitauliza zaidi.

Kesho ni zamu yangu, Mama amesema. Nitalala chini ya jina lake na miguu yangu haitafika mwisho wa kitanda.

Leo mlango wa trela sikuufunga. Vumbi halipo, na hata lingekuwepo nisingeufunga.